Kigeugeu, Kaseti Iliyotaka Kofi

Juzi mjukuu wangu aliikasirikia simu yake kwa sababu wimbo ulikuwa unagandaganda. Akaibonyeza, akaisonya, akaizima na kuiwasha, mwishowe akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemuuzia. Nikamwambia, "Ipige kofi." Akacheka mpaka akakaa chini. Alidhani bibi anatania, nami nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu alikuwa hajala, na hadithi ya kofi haifai kumsimulia mtu mwenye njaa.

Ninyi mnaosoma naamini mmeshiba, kwa hiyo nitawaandikia.

Mimi ni Kabula. Hapa Geita wengi wananiita Fundi, na wale wa zamani wananiita Mama Sayi. Nimeshika bisibisi tangu nikiwa msichana wa Mhunze, kule Kishapu, mpaka macho yalipokataa kuona tundu la skrubu. Nimetengeneza redio za mbao, redio za plastiki, mashine za kaseti za kila aina, na nyingine ambazo hata aliyeziunda nadhani hakuwa na uhakika ni nini. Mkishangaa kwamba fundi alikuwa mwanamke, shangaeni upesi tuendelee, maana wenzenu walishashangaa kabla yenu na redio zao wakaziacha mezani kwangu vilevile.

Kazi nilifundishwa na Mzee Lugendo, aliyekuwa na benchi lake sokoni Shinyanga mjini, enzi zile betri ya redio ilikuwa nzito kama tofali. Baba alinipeleka kwake nifagie na kupika chai. Siku moja skrubu ikamdondokea ndani ya redio ya karani mmoja, vidole vyake vinene havikufika, vyangu vikafika. Kuanzia hapo chai akawa anapika mwenyewe, tena mbaya.

Makosa nilifanya, tena ya moshi. Redio ya kwanza niliyoachiwa peke yangu niligeuza betri, na badala ya taarifa ya habari ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Mwenye redio alikuwa shemeji yake Mzee Lugendo. Nikajua leo narudishwa Mhunze. Mzee akaitazama ile redio, akanitazama mimi, akasema, "Umenisaidia mwanangu. Nilikuwa sijui nimwambieje asije tena kutengenezewa bure."

Neno lake kubwa lilikuwa moja: kila mzimu wa redio una skrubu yake. Alimaanisha kwamba mtu akikuletea redio akasema imerogwa, inalia yenyewe, inaongea na marehemu, wewe usibishane naye na usiogope. Fungua, tafuta. Kuna kitu kimelegea.

Nililiamini neno hilo, na lilinilisha. Katekista mmoja wa Ushirombo aliwahi kuniletea kaseti yake akiwa ameifunga kwa rozari. Jumapili iliimba kwaya vizuri, Jumatatu ikaanza kuimba kwa lugha isiyojulikana, sauti zimezama, waimbaji kama wanavuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Watu wa nyumbani mwake walishahama chumba. Nikafungua, nikakuta ile kanda nyembamba imejipinda ndani ya kasha lake, mgongo umekuwa tumbo, kwa hiyo kaseti ilikuwa inasoma upande wa pili, kinyumenyume. Nikaipindua kwa ncha ya penseli, kwaya ikarudi kwenye Kilatini chake. Katekista aliniombea dua ndefu. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikahamia Rwamgasa, huku Geita. Wachimbaji wadogo walikuwa wanamiminika kutoka kila pembe ya nchi, na mchimbaji akipata punje mbili za dhahabu, kabla ya shati hununua muziki. Ulikuwa wakati wa uhaba. Sabuni hakuna, chumvi kwa bahati, lakini kaseti ndogondogo za mkononi hazikukosekana. Zilivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Nkome zikiwa zimefichwa chini ya dagaa. Nilikuwa nikifungua kaseti mpya kabisa, harufu ya dagaa inanipiga usoni, paka wa jirani anakuja kukaa miguuni.

Kufanya kazi kulitaka akili ya njaa. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati zikapata uhai wa nyimbo chache. Mpira wa kuzungushia kanda ukikatika, nilikata uzi mwembamba kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Spiriti ya kusafishia kichwa cha kusomea ilikuwa haionekani, nikatumia gongo. Gongo ya Rwamgasa ilisafisha kuliko spiriti, na fundi mwenzangu mmoja alifilisika kwa kuisafishia koo lake.

Katika kaseti zote zilizopita mikononi mwangu, hakuna iliyonitesa kama Kigeugeu.

Hilo jina tuliipa sisi. Jina lake la kiwandani lilikuwa la karatasi, likabanduka mwezi wa kwanza. Mwenyewe alikuwa Shija wa Mabula, kijana wa kwetu Kishapu, mrefu, mcheshi, aliyezaliwa baada ya mapacha. Kulwa na Doto walikufa wadogo, akabaki yeye. Mama yake, Mama Shija, alimfuata mpaka Rwamgasa akafungua banda la uji na ugali karibu na benchi langu, kwa sababu, alisema, mtu mwenye mtoto mmoja halali mbali naye.

Kigeugeu ilikuwa na kanda moja tu iliyokubaliana nayo, nyingine ilizitafuna; hiyo moja upande ukiisha iliugeuza yenyewe ikaendelea. Hiyo moja ilikuwa ya ngoma za mavuno, imerekodiwa uwanjani huko kwetu, manju anaongoza nyimbo, vijana wanaitikia, na katikati mbwa wa mtu anabweka. Shija aliipenda kwa sababu ya yule mbwa. Kila akifika pale alisema, "Msikie huyo, naye anataka kutuzwa."

Ubovu wake ulikuwa huu. Inaimba vizuri, halafu ghafla inakatika. Uitikise, haiwaki. Uigonge mezani, haiwaki. Uizime na kuiwasha, utoe betri, uzirudishe, uipulize, uiombee, haiwaki. Inataka kiganja kilichonyooka, ubavuni, sehemu moja tu karibu na spika. Niliifungua mara nyingi nikachomea risasi ya kuungia waya pale nilipodhani pamelegea, ikatulia wiki, ikarudia tabia yake. Ilinikera mpaka nikawa naiota. Shija wala hakukereka. Alikuwa na kofi lake: la kwanza dogo, la kubembeleza, la pili kubwa, la kukemea. Pa, paa. Kambi nzima ililijua. Ukisikia muziki umekatika, unangoja kidogo, halafu pa, paa, manju anaendelea na mashairi yake.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya kuita, maana bila hiyo hamtaelewa tuliogopa nini.

Shimo la dhahabu wachimbaji wanaliita duara. Duara likiporomoka, pale kwetu miaka ile, mwenye duara alisimama mdomoni akamwita kila aliyefukiwa kwa jina lake na la baba yake. Watu wananyamaza. Anaita tena, na tena. Akijibiwa, watu wanachimba. Asipojibiwa, anamwaga maji chini, duara linafungwa kwa mawe, na jina lile halitamkwi tena mahali pale. Haukuwa ukatili. Ardhi ikishaanza kushuka huwa haijamaliza, na kambi ilikwisha kuzika waokoaji wengi kuliko waliokwenda kuokolewa. Lakini sababu waliyoisema wazee ilikuwa nyingine. Walisema, ukishamwita mtu asikujibu, kitakachojibu baadaye si yeye.

Ilikuwa mchana, siku ya mawingu baada ya mvua ya usiku kucha. Nilikuwa nimeweka chuma changu cha kuchomea kwenye mkaa kipate moto nikasikia ardhi inaguna chini ya kigoda changu. Halafu kelele: duara la Mzee Makoye limekwenda. Ndani walikuwa Shija na mwenzake Petro, Msumbwa wa Ushirombo, mtu mpole ambaye alikuwa akisali hata kabla ya kunywa uji.

Mama Shija alikimbia na mwiko wa ugali mkononi. Nikamfuata. Wanaume wakatuzuia kwenye magunia ya mchanga, kwa sababu mwanamke alikuwa hasogei mdomoni mwa duara, dhahabu ingekimbia. Tukasimama hapo. Mzee Makoye akavua kofia, akaenda ukingoni.

"Shija wa Mabula! Itika!"

Kimya. Hata mashine za kusaga mawe zilikuwa zimezimwa.

"Petro wa Kalisti! Itika!"

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa analia, nilimwona. Halafu akaomba kopo la maji, akayamwaga. Mama Shija alitazama yale maji yanavyonywewa na udongo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini sijamaliza kupika." Nilimshika kiuno. Sijawahi kumshika mtu mzito namna ile.

Wanaume wakaanza kusogeza mawe. Mmoja wao alitumwa kwenye duara la zamani lililoachwa, hatua chache kutoka pale, akatoe magogo ya kusaidia kufungia. Alikwenda akitembea. Alirudi akikimbia, mikono mitupu, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Kule chini kuna ngoma," akasema. "Manju anaimba. Sauti nzito, siyo ya mtu. Na kuna mbwa."

Watu waliacha mawe. Wengine waliacha na viatu. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba waliofukiwa duara la zamani wanawapokea wageni wao, na mimi nikaogopa, nawaambia kweli. Lakini nilikuwa nimefundishwa na Mzee Lugendo. Nikamwita yule mchimbaji.

"Hiyo ngoma imeimba moja kwa moja, au imekatika?"

"Ilikatika, Mama Sayi. Nikashukuru Mungu. Halafu nikasikia pa, paa, ikaanza tena."

Nikavuka magunia. Sikumwomba mtu ruhusa na hakuna aliyewahi kunizuia, nadhani kwa sababu hawakuamini wanachokiona. Nikalala kifudifudi kwenye mdomo wa lile duara la zamani, kichwa kikaning'inia gizani. Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya baridi na inanuka maji yaliyolala. Mwanzo nikasikia damu yangu tu masikioni. Halafu, kwa mbali, nyuma ya ukuta wa udongo, nikamsikia manju. Alikuwa anaimba polepole mno, maneno yanajivuta kama mtu anayeongea usingizini, na waitikiaji nyuma yake wananguruma. Mbwa akabweka, na mbweko wake ulikuwa mrefu, wa chini, kama mlango mzito unaofunguliwa.

Betri zinakwisha, nikajiambia. Ni betri tu.

Wimbo ukakatika. Nikangoja. Nikahesabu pumzi zangu nikapotea. Pa, paa. Manju akaendelea.

Niliinuka nikiwa na udongo mdomoni, nikapiga kelele, "Mama Shija! Yu hai! Nimemsikia, anaipiga!"

Mzee Makoye alinijia taratibu, mikono yote miwili mbele, kama unavyomsogelea mtu aliyepandwa na kichaa. "Mama Sayi, tumeshaita. Maji yameshamwagwa. Unajua kinachojibu baada ya kuita."

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi sijui mambo ya kuita. Najua kile kidude. Nimekifungua mpaka nakijua kuliko watoto wangu. Kikikatika hakiwaki chenyewe. Hakiwaki kwa kutikiswa, hakiwaki kwa kugongwa. Kinataka mkono."

Alinitazama. "Na huo mkono ni wa nani?"

"Wa Shija!" nilimjibu kwa hasira. "Wa nani mwingine?"

Alikwenda mwenyewe akalala pale nilipolala mimi. Alikaa humo mpaka nikadhani amezimia. Alipoinuka aliivaa kofia yake, akawaambia waliobaki wachimbe kutoka ukuta wa duara la zamani, taratibu, kwa ncha, na wa kwanza kushuka atakuwa yeye. Waliokimbia wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakitazama chini kwa aibu.

Sasa kazi ikawa ya kusikiliza. Waliochimba hawakuweza kujua waelekee wapi isipokuwa kwa kumfuata manju, na manju alikuwa anachoka. Mimi nilikaa ukingoni nikawa nawaambia: kushoto zaidi, juu kidogo. Ikikatika, sururu zote zinasimama, watu wanaziba midomo. Kimya kinatandaa. Halafu pa, paa, na mchimbaji mmoja mle shimoni anasema "Haya!" sururu zinaendelea. Mama Shija hakuna aliyemzuia tena. Alikaa kando yangu, miguu inaning'inia shimoni, na kila muziki ulipokatika aliinama akasema kwa upole, kama anavyomwamsha mwanawe asubuhi, "Ipige, ng'wana wane. Ipige." Na ikapigwa.

Nilikuwa na furaha. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote. Nilikuwa na furaha, nikamwambia Mama Shija nitamtengenezea mwanawe Kigeugeu yake mpaka iimbe kama kanisani, bure, na yeye akanicheka, akasema, "Usiitengeneze. Ingekuwa nzima tungejuaje?"

Kuelekea jioni manju akawa si sauti tena, akawa mngurumo, halafu tiki za injini ndogo inayokataa, halafu hakuna. Betri zimekufa. Nikafahamu kwamba sasa hata ikipigwa haitaimba. Tukangoja katika kimya kile, watu wote, tukijua hatutasikia kitu.

Pa, paa.

Bila muziki. Kofi tupu, mle ndani ya udongo.

Pa, paa.

Wachimbaji walitazamana. Mzee Makoye alikuwa chini, matope mpaka kifuani, akaniinulia uso na nikaona lile swali lake bado liko machoni. Nikageuka. Akaanza kuchimba kulielekea kofi, na likaendelea kupigwa, kwa utulivu, mpaka sururu yake ikatoboa upande wa pili. Hapo likaacha.

Walimtoa Petro kwanza. Alikuwa hai. Udongo ulikuwa umembana kuanzia miguuni mpaka mabegani, mikono yote miwili ndani yake kama mihogo, uso tu nje. Walipomwosha macho kitu cha kwanza alichosema, kwa mnong'ono, maana kifua kilikuwa kimebanwa kisiweze kupaza sauti, ni, "Mtoeni Shija. Yuko pale nyuma yangu. Nimemwita mchana kutwa hanijibu, kanuna tu, anaipiga kaseti yake."

Wakamtoa Shija. Gogo lilikuwa limemlalia kifua. Wazee waliomwosha walisema alikwisha kukakamaa, damu imekauka, mtu huyu alikwenda ardhi ilipoguna, kabla hajaitwa. Mikono yake ilikuwa chini ya mwili wake, yote miwili.

Kigeugeu ilikuwa kwenye kijishubaka walichokichonga ukutani cha kuwekea taa. Petro hakuweza kuifikia, wala Shija. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu pande zote isipokuwa ubavuni, karibu na spika. Pale palikuwa safi.

Mama Shija alimpokea mwanawe bila kelele. Aliponigeukia nilitaka ardhi ile iporomoke tena inichukue mimi.

"Uliniambia umemsikia," akasema.

"Nilimsikia, dada."

"Hata mimi nilimsikia," akasema, akarudi kumfunika.

Najua mnachotaka kusema. Kifusi. Vijiwe vinavyodondoka kidogokidogo vikaigonga mahali pake. Waya wenye ufa unapoa na kupata joto, unagusana na kuachana. Nilisema hivyohivyo, na kwa sauti, kwa kila aliyeniuliza. Kabla ya kumaliza matanga niliichukua Kigeugeu nikaifungua mchana kweupe, nikaitafuta skrubu ya mzimu huo. Niliupata ufa. Ulikuwa palepale ninapoujua. Nikaitia betri zangu, nikangoja ikatike, nikachukua kijiwe nikakidondosha ubavuni, na kingine, na konzi la udongo, kwa kila urefu na kila upande. Haikuwaka. Nikakinyoosha kiganja changu, nikaipiga kofi. Ikawaka. Nikaifunga. Mzee Lugendo alikuwa amekwisha kufariki, vinginevyo ningepanda basi nikamuulize.

Petro yupo Ushirombo mpaka leo, analima mpunga, ana wajukuu. Hakushuka duara tena. Tukikutana hatulizungumzii jambo hilo, tunaulizana hali ya mvua.

Siku ya kuanua matanga Mama Shija aliniagiza niilete Kigeugeu, na betri mpya. Ndugu zake waliotoka Kishapu hawakupenda. Mzee Makoye, aliyekuwa amekaa mlangoni kama mtumishi tangu siku ya mazishi, akawaambia waache. Nikaiweka juu ya kigoda katikati ya ua. Watu walikuwa wengi, jua liko juu, sufuria ziko jikoni. Nikabonyeza.

Manju akaimba kwa sauti yake halisi, nyepesi, ya kijana. Vijana wakaitikia. Mbwa akabweka, na mtu mmoja akacheka kidogo kisha akajifunika kanga. Mama Shija alikuwa ameketi kwenye mkeka, ametazama ubavu wa ile kaseti bila kupepesa.

Ikakatika.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Petro naye, mikono yake ingali na vitambaa, alijivuta mbele. Mama Shija akasema, "Acheni. Asiiguse mtu."

Tukaacha. Ua mzima ulinyamaza, mpaka kuku. Nilisikia mafuta yanavyochemka jikoni. Tuliitazama ile plastiki nyekundu juu ya kigoda, na sijui wenzangu waliomba nini, mimi niliomba vyote viwili, ipigwe na isipigwe. Kivuli cha kigoda kilisogea. Mtoto mchanga alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza.

Haikupigwa.

Mama Shija akashusha pumzi ndefu, akajishikiza gotini, akasimama.

"Amepumzika," akasema. "Haya, watu wana njaa. Mama Sayi, njoo tupakue."

Nikaenda tukapakua.